Maungio Kwanza: Hitilafu Zinazojirudia za Laptopu, Simu na Vifaa vya Baiskeli, na Namna ya Kuzifuatilia

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na daftari ambamo ninaandika kila hitilafu inayofika mezani kwangu hapa Kisumu, iwe ya laptopu ya jirani, ya simu ya shangazi, au ya kompyuta ndogo ya baiskeli ya mwenzangu wa safari za Jumamosi. Ukilipitia utaona kwamba hitilafu zenyewe si nyingi. Ni zilezile chache zinazorudi kwa sura tofauti, na mara nyingi chanzo hakimo ndani ya kifaa, bali kiko mahali ambapo vitu viwili hugusana: plagi na soketi, ncha ya chaja na tundu lake, betri na springi, sumaku na kihisi, kebo na ganda lake. Kwa hiyo katika kila dalili ninaanza na maungio hayo, kisha ninafuata sababu nyingine kwa kadiri nilivyokutana nazo, kuanzia ile ya kila wiki hadi ile ya mara moja kwa mwaka.

Vifaa vya kazi ni vya bei nafuu: bisibisi ndogo ya nyota, mswaki mkavu, vijiti vya meno vya mbao, raba ya penseli, spiriti ya kusafishia, rula ya shule yenye upande wa inchi 12, na mita ya kupimia volti ya aina wanayobeba mafundi wa umeme. Vingi kati ya hivyo vinapatikana kwa kuzunguka soko la Kibuye nusu saa.

Laptopu haiwaki wala haionyeshi taa yoyote

Dalili hii ndiyo inayowapotezea watu pesa kuliko zote, kwa sababu mwenye laptopu akiona giza hudhani bodi kuu imekufa. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa hivyo na fundi mmoja, nikatajiwa bei iliyokaribia nusu ya bei ya mashine nzima, nikarudi nyumbani nimenuna. Kesho yake niligundua kwamba fyuzi ya ekstensheni niliyokuwa nikiitumia ilikuwa imeungua, na betri ilikuwa imeisha yenyewe siku mbili kabla bila mimi kujua. Tangu siku hiyo siifungui laptopu kabla ya kufuata njia ya umeme kutoka ukutani.

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji, kisha chomeka chaja ya laptopu moja kwa moja ukutani bila ekstensheni. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani yake, na ya waya wa laptopu huwa ya ampea 3 au 5. Iondoe, ipime kwa mita, au weka nyingine ya kiwango kilekile. Usiweke ya ampea 13 kwa kuwa tu ndiyo iliyopo dukani, wala usiizungushie karatasi ya sigara kama ninavyoona kwenye baadhi ya vibanda, kwani fyuzi iko hapo ili iungue yenyewe kabla waya haujashika moto.

Umeme ukiwa unafika, angalia waya unaotoka kwenye plagi hadi kwenye kisanduku cha chaja. Chaja nyingi huruhusu waya huo uchomolewe, kwa hiyo azima wa mtu mwingine ujaribu. Halafu pima ncha inayoingia kwenye laptopu. Chaja nyingi zenye ncha ya mviringo hutoa volti 19 au 19.5, na ukipata sifuri, au namba inayopanda na kushuka unapoukunja waya karibu na kisanduku, mgonjwa ni chaja. Ukinunua nyingine, volti zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, na ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Baadhi ya chaja zina pini nyembamba katikati ya ncha inayoitambulisha chaja kwa mashine. Pini hiyo ikipinda, laptopu huwaka vizuri lakini betri haiongezeki hata asilimia moja, na watu hununua betri mpya isiyowasaidia chochote. Kwa laptopu zinazochajiwa kwa tundu la USB-C, chaja ndogo ya simu mara nyingi haiwezi kuiamsha mashine iliyokauka kabisa, kwa hiyo tumia chaja ya wati zilizoandikwa kwenye kifaa, nyingi zikiwa 45 au 65.

Chaja ikiwa nzima, ondoa chaja, ondoa na betri ikiwa ni ya kuchomolewa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili chaji iliyobaki kwenye bodi iishe. Rudisha chaja peke yake ujaribu tena. Inashangaza ni mashine ngapi huamka kwa hatua hii, hasa baada ya stima kupotea na kurudi ghafla.

Ikiwa feni inasikika na taa ya kibodi inawaka lakini skrini ni nyeusi, hilo ni tatizo tofauti. Mulika skrini kwa tochi kutoka upande. Ukiona picha hafifu kama kivuli, taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyokufa, na data yako iko salama. Usipoona kitu, unganisha runinga kwa waya wa HDMI. Runinga nayo ikikaa kimya, kumbukumbu huenda imelegea. Ukiwa umechomoa chaja na betri, fungua mfuniko, gusa chuma kisicho na rangi ili umemetuli ulio mwilini ukutoke, toa kadi ya kumbukumbu, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa raba ya penseli, pangusa, kisha irudishe hadi isikike ikikaza.

Simama hapo na utafute fundi ikiwa kuna harufu ya kuungua, ikiwa laptopu ilimwagikiwa na chai au kunyeshewa, au ikiwa hatua zote hizi hazikubadilisha chochote. Usifungue kisanduku cha chaja kwa sababu yoyote. Umeme wetu ni wa volti 240, na kapasita iliyo ndani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Laptopu inapata joto, feni inalia, kisha inajizima

Kwanza angalia imewekwa wapi. Laptopu iliyolazwa juu ya godoro au mto huwa imezibwa tundu lake la kuvutia hewa, na hakuna usafi wa ndani utakaoisaidia. Iweke mezani kwa nusu saa. Ikitulia, umemaliza kazi bila hata kushika bisibisi.

Sababu ya pili ni uchafu, na hapa mahali unapoishi pana maana. Laptopu nilizopokea kutoka Nakuru, mji ambao jina lake hufasiriwa mara nyingi kuwa mahali penye vumbi, huwa na vumbi laini la kijivu lililoshikana kwenye mapezi ya kupozea hadi likawa kama kipande cha blanketi. Zile za watu wanaoishi karibu na ufuo hapa Kisumu huwa na kitu kingine: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi na kufuata taa za nyumba usiku. Nimewahi kufungua laptopu ya mwanafunzi aliyekuwa akisoma dirisha likiwa wazi kila jioni, nikakuta wadudu waliokauka wamejipanga kwenye ukingo wa feni kama maganda ya mtama, na kila bawa la feni lina mkia mweusi wa mafuta na vumbi. Baada ya kusafishwa kwa mswaki mkavu na hewa, ilinyamaza. Unapopuliza hewa, zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke kwa kasi, kwani ikizungushwa hivyo beringi zake huweza kuharibika.

Ya tatu ni programu inayofanya kazi kichinichini, ambayo utaiona kwa kufungua orodha ya programu zinazotumia uwezo wa mashine. Ya nne ni ile dawa ya kupitisha joto kati ya kichakataji na chuma cha kupozea, ambayo hukauka baada ya miaka. Kuibadilisha kunahitaji mkono uliozoea, na kwa laptopu nyembamba ningemwachia fundi bila aibu.

Ukiona padi ya kugusa iliyo mbele ya kibodi imekuwa ngumu kubonyea, au mfuniko wa chini umeinuka na laptopu haikai sawa mezani, acha kila kitu. Hiyo ni betri iliyovimba. Izime, usiichaji, usiitoboe ili itoe hewa, na usiibonyeze irudi mahali pake. Iweke nje, mbali na vitu vinavyoungua, na umpelekee fundi anayejua kuiondoa. Onyo hilohilo ni la simu na pawabanki.

Saa ya kompyuta inarudi nyuma na tovuti zinakataa kufunguka

Hii ni fupi. Kompyuta za mezani zina betri ya sarafu aina ya CR2032, yenye kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2 na volti 3. Ikiisha, tarehe hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika, na kivinjari huonya kwamba vyeti vya usalama vya tovuti si halali, kwa sababu kwa saa ya mashine yako vyeti hivyo havijaanza kutumika. Watu hulaumu intaneti au virusi. Badilisha betri, rekebisha tarehe, na kama tatizo linaendelea, hakikisha ukanda wa saa ni ule wa Nairobi. Waweke mbali watoto wadogo unapofanya kazi hiyo, kwani betri ya sarafu ikimezwa huunguza koo kwa muda wa saa chache, na mtoto aliyeimeza apelekwe hospitali papo hapo.

Simu haichaji, au inachaji ukiishika kwa pembe fulani tu

Washa tochi na uangalie ndani ya tundu la kuchajia. Karibu kila simu iliyoletwa kwangu na dalili hii ilikuwa na pamba ya mfukoni iliyosukumwa ndani na waya wa chaja mara mia na zaidi, mpaka ikawa kizibo kigumu sakafuni mwa tundu. Waya huingia nusu, unashika kidogo, unalegea. Izime simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, na ukwangue polepole kwenye pembe za tundu, si katikati ambako kuna ulimi wa mawasiliano. Hicho kizibo hutoka kikiwa kimechukua umbo la tundu lenyewe, kama tofali dogo la sufi. Usitumie sindano wala pini, maana chuma kinaweza kukwaruza au kuunganisha miguso.

Waya wa chaja ndio unaofuata, na hapo jaribio ni kuazima mwingine unaojulikana kuwa mzima. Kuna waya za bei ya chini zenye nyuzi nyembamba mno za shaba, ambazo huchaji simu usiku kucha bila kufika asilimia mia. Kisha jaribu kichwa cha chaja. Kuchaji kwa kompyuta nako ni polepole kwa asili yake, kwa kuwa tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha ampea 0.5 kwa volti 5, kwa hiyo usiihesabu kuwa hitilafu.

Waendesha baiskeli wana sababu yao ya ziada. Simu iliyofungwa kwenye usukani saa saba za mchana, ikipigwa na jua huku ikiongoza njia na kuchajiwa na pawabanki, hupata joto kiasi cha kusitisha kuchaji yenyewe ili kulinda betri. Iweke mfukoni mwa mgongoni kwa robo saa, itaanza tena.

Simu ikionyesha kwamba kuna unyevu kwenye tundu, iamini. Chomoa waya, igeuze tundu likiangalia chini, igonge taratibu kwenye kiganja, na uiache mahali penye hewa kwa saa kadhaa. Mchele ni wa kupikwa. Ukiwekewa simu huingiza unga na vipande kwenye tundu bila kuvuta maji yaliyo ndani. Ikiwa simu ilizama kabisa, izime na usijaribu kuichaji hata kidogo ili kuona kama bado inafanya kazi, kwa sababu umeme na maji kwa pamoja ndivyo vinavyokula miguso ya bodi. Hapo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kufungua na kusafisha, na kadiri anavyoipata mapema ndivyo bora.

Kompyuta ya baiskeli haionyeshi kasi, au inaonyesha kasi isiyo ya kweli

Kwa zile zinazotumia sumaku kwenye spoki, inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, na utazame sumaku inapopita mbele ya kihisi. Ni lazima ipite kwenye alama iliyochorwa kwenye kihisi, na pengo lisizidi milimita 5 hivi. Sumaku huzunguka kwenye spoki baada ya kupita kwenye barabara ya mawe, au kihisi huinama kikiguswa na mguu wa mtu kwenye maegesho. Kirudishe, ukaze, na katika visa vingi umemaliza. Kisipoitika, badilisha betri ya kihisi kabla ya ile ya skrini, kwa sababu skrini yenye namba zinazosomeka vizuri huwadanganya watu kwamba betri zote ni nzima. Sugua na miguso ya springi, ambayo hushika kutu ya kijani kwa jasho na unyevu wa ziwani.

Kuna hitilafu moja iliyonisumbua kwa wiki tatu. Kasi ilikuwa sawa mchana kutwa, lakini kila nilipotoka jioni ilikuwa inaruka hadi kilomita 70 kwa saa huku nikiwa nimesimama kwenye taa za Kondele. Nilibadilisha betri, nikabadilisha sumaku. Kumbe ni taa ya LED niliyokuwa nimeifunga ubavuni mwa skrini: saketi inayodhibiti umeme wa taa hizo hutoa kelele za redio, na kompyuta za bei nafuu zisizo na waya, zinazotumia ishara ya analogi, huzisoma kelele hizo kana kwamba ni gurudumu. Nilihamisha taa hadi upande wa pili wa usukani, na tatizo likaisha usiku uleule.

Kama kasi inaonekana ya kuaminika lakini umbali haulingani na wa wenzako, kosa liko kwenye mzingo wa gurudumu uliouingiza. Tairi ya 700×25 ina mzingo wa takribani milimita 2,105, na ya inchi 26 kwa 1.95 ni takribani 2,050. Ukiacha namba ya kwanza kwenye baiskeli ya pili, kila kilomita 100 zitasomeka kama 102.7. Njia ya uhakika ni kuweka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, ukae juu ya baiskeli ili tairi ibonyee kama inavyobonyea safarini, usonge mzunguko mmoja kamili, upime.

Kwa zinazotumia setilaiti, malalamiko makubwa ni kuchelewa kupata mahali. Kifaa kilichokaa miezi bila kutumika hupoteza orodha ya setilaiti, na kuipakua yote upya kutoka angani huchukua dakika 12.5, kwa hiyo kiache uwanjani chini ya anga wazi, usikiwashe chini ya mabati na kuanza kukimbia nacho. Anayetaka kukijaribu kwa urahisi na akipeleke Maseno, ambako barabara ya Busia inavuka ikweta, atazame namba ya latitudo ikishuka hadi karibu kabisa na sifuri kisha herufi ya kusini igeuke kuwa ya kaskazini. Mimi hupunguza mwendo hapo kila mara, ingawa nimeshaiona mara nyingi.

Mwinuko ndio unaowachanganya zaidi. Vifaa vingi vizuri havipimi mwinuko kwa setilaiti bali kwa shinikizo la hewa, na shinikizo hilo halitulii. Katika nchi zilizo karibu na ikweta huwa juu kabisa karibu saa nne asubuhi na chini karibu saa kumi alasiri, hata siku isiyo na wingu. Kwenye mwinuko wetu, kila hektopaskali moja (kipimo cha shinikizo la hewa) inayopungua husomeka kama kupanda takribani mita 9, kwa hiyo ukitoka asubuhi na kurudi alasiri mlangoni kwako, kifaa kinaweza kusisitiza kwamba nyumba imepanda mita 25 au 30, nacho kikawa hakina ugonjwa wowote. Mvua ya radi inayotoka ziwani huongeza vurugu hiyo. Kabla ya safari ndefu mimi hupita Dunga, nasimama ufuoni, na kukiwekea mita 1,135, ambao ndio takribani mwinuko wa uso wa Ziwa Victoria. Lakini mwinuko ukiganda kwenye namba moja tangu chini ya mlima hadi juu, angalia kitundu kidogo chini au nyuma ya kifaa: kimezibwa na jasho lililokauka au tope. Kioshe kwa maji safi ya vuguvugu na ukiache kikauke. Usikichokoe kwa sindano, kwa kuwa nyuma yake kuna utando mwembamba ukitobolewa kifaa hakizuii maji tena, na huo ni uharibifu ambao fundi wa mtaani hawezi kuurekebisha.

Taa ya baiskeli inazimika kwenye mashimo

Taa inayozimika ikitikiswa na kuwaka ikigongwa ina mguso uliolegea. Vuta springi ya betri itoke nje kidogo, sugua ncha zake, na kaza mfuniko. Kwa taa ya kuchajiwa kwa USB, kifuniko cha raba kisichofunga vizuri ndicho huleta kutu kwenye tundu. Taa iliyoingiwa na maji isichajiwe hadi ikauke.

Mnyororo unaruka unapokanyaga kwa nguvu

Kwenye baiskeli za gia, ikiwa mnyororo unasita kati ya gia mbili na kulia, kebo imelegea. Zungusha kirekebishi kilicho pale kebo inapoingia kwenye kifaa cha nyuma cha kuhamishia mnyororo, nusu duara kwa wakati, kinyume cha saa, ukijaribu gia kila mara. Kebo ikiwa imekaza lakini gia inarudi polepole, ganda la kebo limejaa tope, na mafuta ya kupuliza hayatasaidia kwa zaidi ya wiki moja. Badilisha vyote viwili, kebo na ganda.

Ikiwa baiskeli iliangukia upande wa kulia, tazama kifaa hicho kutoka nyuma. Kinatakiwa kining'inie sambamba na gurudumu. Kikiwa kimeinama kuelekea spoki, usiende na gia ya nyuma yenye meno mengi kabisa hata mita kumi, maana kinaweza kunaswa na spoki na kung'oa kishikizo kinachokifunga kwenye fremu, spoki na wakati mwingine fremu. Kunyoosha kishikizo hicho kunahitaji kifaa maalumu, na anayekinyoosha kwa spana kubwa na macho hubahatisha.

Mnyororo unaoruka kwenye gia moja au mbili unazozitumia sana, wakati wa kupanda tu, umechakaa. Kila pini ya mnyororo iko inchi nusu kutoka kwa inayofuata, kwa hiyo vipande 24 vikiwa vipya hupimika inchi 12 kamili. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha usome pini ya 24 baada yake. Ikizidi alama ya inchi 12 kwa moja ya kumi na sita, yaani milimita 1.6 hivi, badilisha mnyororo. Ikizidi kwa moja ya nane, meno ya gia nayo yameshaliwa, na mnyororo mpya peke yake utaruka vibaya kuliko ule wa zamani. Wengi hukasirika hapo na kudhani wameuziwa mnyororo bandia.

Kwenye baiskeli ya Black Mamba isiyo na gia kazi ni nyepesi: legeza nati za gurudumu la nyuma, vuta gurudumu hadi mnyororo ubonyee sentimita moja hivi katikati, kaza pande zote mbili sawa. Pedali zikizunguka bila baiskeli kusonga, makucha ya friwili, ile gia ya nyuma inayokuruhusu uache kukanyaga baiskeli ikienda, yamegandishwa na grisi ya zamani. Mimina mafuta mepesi ndani, izungushe kwa mkono, irudie mara tatu au nne.

Pancha mahali palepale kila wiki

Kabla ya kutoa tyubu, weka alama kwenye tairi pale ilipo valvu, ili baada ya kupata tundu ujue sehemu ya tairi inayolingana nalo. Mwiba hubaki ndani ya mpira baada ya tyubu kuzibwa, kwa hiyo pitisha kitambaa ndani ya tairi na ufuate kinaponaswa. Usipitishe vidole vitupu. Matundu mawili madogo yaliyo sambamba ni ya upepo mdogo, na tundu lililo upande wa ndani unaoelekea rimu ni la ncha ya spoki iliyotokeza kwenye utepe wa rimu.

Breki zinalia au hazishiki

Breki za raba zinazolia huwa zimeng'aa au zimemeza mchanga. Zitoe, zisugue kwa msasa, chokoa vipande vya mchanga kwa kijiti, na pangusa rimu kwa spiriti. Breki za diski zinazolia na kushika vibaya baada ya kusafisha mnyororo zimerukiwa na mafuta. Diski husafika kwa spiriti, ila pedi zilizonyonya mafuta mara nyingi hazirudi hali yake, na kuzichoma kwa moto wa gesi, kama ninavyoona watu wakishauriana, ni kujitafutia balaa kwa akiba ya shilingi chache.

Kishikio kikifika usukani kabla breki haijashika, kaza kebo kwenye kirekebishi. Ikiwa ni breki ya mafuta, na kishikio ni laini kama sifongo, kuna hewa kwenye mfereji wake, na kwa hilo mwite fundi anayezijua breki hizo, kwa kuwa baadhi hutumia mafuta ya madini na nyingine mafuta ya breki ya aina ya DOT, na ukikosea huharibu raba za ndani zote. Kebo iliyokatika uzi hata mmoja karibu na kishikio ibadilishwe siku hiyohiyo. Foku au fremu yenye ufa isiendeshwe kabisa. Dalili yoyote kati ya hizi ikikupata ukiwa juu, iwe Maseno kabla ya mteremko wa Kisian au Kiboswa kabla ya kushuka Mamboleo, shuka, ukokote baiskeli kwa miguu, au uipakie kwenye matatu.